Nani Mwenye Barabara? Historia ya Miguu, Baiskeli na Usafiri wa Umma katika Miji ya Afrika Mashariki na Maziwa Makuu

1. Utangulizi

Mjadala kuhusu kupunguza matumizi ya magari binafsi mijini mara nyingi huanzishwa kwa mfano wa Ulaya. Uholanzi ya miaka ya 1970, ambako wazazi waliingia barabarani kupinga vifo vya watoto waliogongwa na magari, ndiyo hutajwa zaidi. Mfano huo una mafunzo, lakini una kasoro moja unapoletwa katika eneo hili. Waholanzi walikuwa wakijaribu kuirudia baiskeli waliyokuwa wameanza kuiacha. Katika Nairobi, Kampala, Kigali, Bujumbura, Goma na Dar es Salaam, wakazi wengi hawajawahi kumiliki gari. Wao hutembea, hupanda baiskeli au hubanana ndani ya basi dogo. Swali la kisera hapa, kwa hiyo, si namna ya kumtoa mwananchi ndani ya gari tu, bali pia namna ya kutomwadhibu kwa kutokuwa nalo.

Makala haya yanajenga hoja kwamba historia ya usafiri wa miji hii ni historia ya watu waliojitafutia njia pale mpango rasmi ulipowasahau, na kwamba kila mara serikali ilipoamua jambo kuhusu kodi, nafasi ya barabara au marufuku, iliamua pia nani afike kazini kwa wakati.

2. Umbali uliopangwa

Umbali baina ya makazi ya mfanyakazi na mahali pake pa kazi haukuzuka wenyewe. Dar es Salaam ya kikoloni iligawanywa katika Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja wa wazi wa Mnazi Mmoja ukawekwa katikati ili kuitenga Kariakoo na mji wa biashara. Huko Lubumbashi, uliokuwa ukiitwa Élisabethville, utawala wa Kibelgiji uliacha ukanda usiojengwa kati ya mji wa Wazungu na mtaa wa Waafrika. Nairobi nayo iliwaweka wafanyakazi wake upande wa mashariki, katika mitaa kama Pumwani na baadaye Kaloleni. Ukanda mtupu katika ramani ya mpangaji ulikuwa mwendo wa kila alfajiri kwa mpishi, tarishi na kibarua.

Usafiri wa mabasi ulikuja, lakini kwa masharti yake. Kampuni ya mabasi ya Nairobi iliyoanza mwaka 1934 iliendeshwa na mtaji wa London, na nauli yake haikuwa ya kila mfuko. Baiskeli ndiyo iliyokuwa chombo cha heshima cha karani, mwalimu na katekista. Hata hivyo, barabara zilichorwa kwa ajili ya magari machache ya watawala, na desturi hiyo ya uchoraji ilirithiwa pamoja na bendera.

3. Baiskeli ya Busia na chukudu ya Goma

Uvumbuzi mkubwa wa usafiri katika eneo hili ulitoka mpakani. Katika miaka ya 1960, mjini Busia, vijana walianza kuwapakia abiria kwenye baiskeli ili kuwavusha sehemu iliyo kati ya kituo cha forodha cha Kenya na kile cha Uganda, ambako basi lisilokuwa na vibali halikuweza kupita. Mwito wao kwa abiria, uliotokana na neno la Kiingereza la mpaka, ukawa jina: boda boda. Magendo ya miaka ya 1970 yalikuza kazi hiyo, nayo ikaenea hadi miji ya ndani ya Uganda na magharibi mwa Kenya. Kiti kilichowekwa godoro dogo nyuma ya baiskeli kikawa ajira ya maelfu ya vijana wasiokuwa na shamba wala cheti.

Huko Goma, kilichohitajika kilikuwa kubeba mzigo. Chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu, hushusha viazi, kabichi na makaa kutoka vilima vya Kivu Kaskazini hadi sokoni, kikibeba mamia ya kilo bila tone la mafuta. Mwaka 2009 mji huo ulisimamishiwa sanamu ya rangi ya dhahabu ya mwendesha chukudu. Ni nadra kwa mji kumpa heshima hiyo mchukuzi wake. Ni nadra zaidi heshima hiyo kufuatwa na njia salama ya kupitia.

Baiskeli ya boda boda haikushindwa na matakwa ya abiria peke yake. Pikipiki zilianza kuingia katika kazi hiyo Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kisha, mwaka 2008, Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 250. Uamuzi huo ulikusudiwa kuwapa vijana ajira, na uliwapa. Lakini pia uliharakisha kuondoka kwa baiskeli katika miji kama Kisumu, na kuileta mitaani injini ambayo barabara na hospitali hazikuwa zimejiandaa kuipokea. Kifungu kimoja cha bajeti kilibadili mji kuliko mipango mingi ya usafiri.

4. Kutoka basi la umma hadi daladala

Baada ya uhuru, serikali zilijaribu kuufanya usafiri kuwa huduma. Tanzania ilitaifisha kampuni ya mabasi ya Dar es Salaam mwaka 1970, na mwaka 1974 ikaunda Usafiri Dar es Salaam, UDA. Upungufu wa fedha za kigeni, vipuri na mafuta uliyaegesha mabasi hayo moja baada ya jingine. Nchini Kenya, tamko la Rais Jomo Kenyatta la mwaka 1973 lilihalalisha matatu. Tanzania ilifuata mwaka 1983, ilipowaruhusu watu binafsi kusafirisha abiria jijini. Jina daladala linakumbusha sarafu ya shilingi tano, iliyoitwa dala, ambayo ilikuwa nauli ya wakati huo.

Vyombo hivi viliokoa miji isisimame. Hata hivyo, dereva anayedaiwa hesabu ya tajiri kila jioni hana sababu ya kumsubiri mwanafunzi wa nauli nusu, wala ya kusimama kituoni ipasavyo. Udhaifu huo ulikuwa wa mfumo uliomwachia mtu mmoja mmoja jukumu la umma.

Mradi wa mabasi yaendayo haraka wa Dar es Salaam, ulioanza kubeba abiria Mei 2016 katika njia ya Kimara hadi Kivukoni, ulikuwa jaribio la kulirudisha jukumu hilo. Basi lilipewa njia yake, na kando yake zikajengwa njia za waenda kwa miguu na baiskeli. Jiji lilitunukiwa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, la kwanza barani Afrika kuipata. Mafuriko ya mara kwa mara katika bonde la Jangwani, ilikojengwa karakana ya mabasi hayo, yamekumbusha kwamba ujenzi ni mwanzo tu wa huduma.

5. Marufuku, Jumapili na Jumatatu

Miongo miwili iliyopita imeonyesha njia tatu za kushughulikia nafasi ya barabara. Bujumbura, Machi 2022, iliziondoa pikipiki, bajaji na baiskeli za abiria katikati ya jiji. Sababu zilizotolewa zilihusu usalama na ajali. Lakini mabasi hayakuwa yameongezwa kwanza, na nchi ilikuwa na uhaba wa mafuta. Wafanyakazi wakarudi kwenye miguu, bila njia iliyotengenezwa kwa ajili ya miguu hiyo.

Kigali ilichukua njia nyingine. Mwaka 2015 iliufunga kwa magari mtaa mmoja wa katikati ya jiji, na mwaka 2016 ikaanzisha siku bila magari, kwanza mara moja kwa mwezi, kisha mara mbili. Asubuhi za Jumapili barabara kuu huachiwa wakimbiaji na wapanda baiskeli, na vipimo vya afya hutolewa bure. Thamani yake ni kubwa: mkazi ameona kwa macho kwamba lami inaweza kugawanywa upya. Hata hivyo, mfanyakazi wa ndani na fundi ujenzi hawatembei Jumapili kwa ajili ya mazoezi. Hutembea Jumatatu kwa sababu ya nauli.

Nairobi inaonyesha pengo kati ya maandishi na zege. Sera yake ya mwaka 2015 kuhusu usafiri usiotumia injini iliahidi fungu maalumu la bajeti. Mwaka 2022 ilizinduliwa jijini barabara ya juu ya kulipia yenye urefu wa kilomita 27, isiyomruhusu mwenda kwa miguu wala baiskeli.

6. Hitimisho

Historia hii inatoa mambo matatu kwa washauri wa sera. Kwanza, kodi ya vyombo ni sera ya usafiri, hata pale inapopitishwa kwa jina la ajira; ushuru wa baiskeli na vipuri vyake unastahili kupimwa pamoja na ule wa pikipiki na magari. Pili, chombo cha mnyonge kisiondolewe kabla ya mbadala wake kuonekana barabarani. Tatu, mafanikio yapimwe siku ya kazi, saa kumi na mbili asubuhi, katika barabara itokayo mitaa ya pembezoni.

Miji hii haihitaji kufundishwa kutembea. Inahitaji kivuko chenye taa, kivuli, mtaro uliofunikwa na basi linalofika. Wapangaji wa kikoloni waliuweka umbali kati ya mfanyakazi na kazi yake kwa makusudi. Kuupunguza nako kunahitaji makusudi.