Tairi Hanamu: Neno Lililokuwapo Kabla ya Tairi

Rasimu ya kitabu cha madereva iliyofika mezani kwangu mwezi uliopita ina sentensi hii: "Tairi elekezi lifungwe kwa kuzingatia mwelekeo elekezwa." Nimeisoma mara tatu. Nikaenda nayo kwa fundi anayenihudumia hapa Tanga, mtu aliyeanza kupiga pancha kabla baadhi ya wanajopo walioiandaa rasimu hiyo hawajaingia darasa la kwanza. Alisikiliza, akafuta mikono kwa tambara, akaniuliza, "Mwalimu, hilo ni tairi la mbele, lile linaloshikana na usukani?"

Swali lake latosha kuliondoa neno hilo kitabuni. Fundi huyo hafungi siku bila kushika tairi la aina inayokusudiwa, na jina lake lilipotajwa alifikiria tairi jingine. Wala kosa si lake. Elekea huzaa elekeza, na elekeza huzaa elekezi, yaani kile chenye kuelekeza. Bei elekezi huwaelekeza wauza mafuta. Kanuni elekezi humwelekeza karani. Tairi elekezi basi litakuwa tairi linaloelekeza gari, na kazi hiyo ni ya magurudumu ya mbele kwa amri ya usukani. Tairi tunalolisema haliongozi chochote. Limechongwa lizunguke upande mmoja tu, na hulka yake hubadilika likizungushwa kinyume. Mtendwa amevishwa joho la mtenda, na waliomvisha wanajua sarufi kuliko mimi. Ndiyo maana kosa hili linaniuma.

Wapo waliojaribu kwingine. "Tairi la mwelekeo" halisemi kitu, maana hakuna tairi linalobingirika bila mwelekeo. "Tairi la kimwelekeo" ni lile lile lililobandikwa ki- kama kiraka. "Tairi la upande mmoja" lina madhara zaidi, kwa sababu liko tairi jingine ambalo upande wake mmoja lazima utazame nje ya gari na wa pili utazame ndani, na hilo halijali linazunguka kwenda wapi. Msomaji atayachanganya, na dukani atalipia asichokitaka.

Neno ninalolitetea ni hanamu. Tairi hanamu, kwa wingi matairi hanamu, kwa mtindo wa askari kanzu na bata maji.

Hanamu ni neno la mafundi wa vyombo vya bahari. Ndiyo ile sehemu ya mbele kabisa ya jahazi au mashua, pale mbao za kulia na kushoto zinapokutana kwa ncha, inayopasua maji na kuyagawa mbavuni. Chombo kikiwa hakina hanamu nzuri, maji hayagawanyiki. Yanajikusanya mbele na chombo kinayasukuma kama ukuta. Na neno hilo hilo lina maana ya pili, ambayo fundi cherehani na seremala wanaijua hata kama hawajapanda chombo: kukata hanamu ni kukata mshazari, kwa mwinamo. Kola inayotakiwa ilale vizuri shingoni hukatwa hanamu. Ubao unaounganishwa pembeni mwa fremu hukatwa hanamu. Neno moja limebeba mambo mawili, mkato wa mshazari na kupasua maji, na hayo mawili ndiyo tairi lenyewe, bila kupunguza wala kuongeza.

Tazama uso wake. Kashata zake zimekatwa mshazari kutoka kulia na kushoto, zikakutana katikati kwa ncha mithili ya herufi V, V nyuma ya V, kulizunguka tairi zima. Kati ya kashata na kashata upo mfereji. Likizunguka inavyopasa, ncha ya V hugusa barabara kwanza, kisha mikono yake hufuata, na maji yaliyobanwa chini hukimbilia kwenye mifereji na kutupwa nje, kulia na kushoto. Kiasi cha maji hayo si kidogo. Tairi lenye upana wa sentimita 20, kwenye maji ya kina cha milimita 3, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, hukutana na lita 13 hivi kila sekunde. Ni zaidi ya nusu ya ndoo ya lita 20, kwa tairi moja. Maji yakikosa njia, tairi hupanda juu yake na gari huelea. Mwaka 1963 Walter Horne na Robert Dreher wa NASA, waliokuwa wakichunguza matairi ya ndege kwenye njia zenye maji, walionyesha kwamba kasi ambayo tairi huanza kuelea hufuata kipeuo cha pili cha upepo uliomo ndani yake. Kwa kanuni yao, tairi lenye upepo wa psi 30 huelea karibu na kilomita 91 kwa saa. Mifereji mizuri ndiyo humwongezea dereva nafasi juu ya hapo, na mifereji iliyogeuzwa humnyang'anya.

Angalia tumetumia neno gani: kuelea. Hakuna jopo lililokaa kulibuni. Barabara ikijaa maji, tairi limekuwa chombo, na lugha imekwenda pwani yenyewe kuchukua msamiati wake. Kwa nini basi tuuache msamiati huo mlangoni tunapofika kwenye jina la tairi?

Nami nina sababu yangu ya kulijali jambo hili. Miaka michache iliyopita nilifungiwa matairi mapya mahali fulani Dar es Salaam, nikaondoka nimeridhika. Kwenye lami kavu gari lilikwenda, breki zilishika, na kilichonishangaza kilikuwa mngurumo tu, ambao niliudhani ni wa beringi. Mvua ilinikuta barabara ya Segera. Kwenye bonde dogo lililotuama maji, usukani ukawa mwepesi ghafla, kama umekatwa kutoka kwenye magurudumu. Niliinua mguu taratibu na gari likarudi chini. Kesho yake fundi wangu alichuchumaa mbele ya gari na chaki mkononi, akaichora ile V ubavuni mwa tairi la kushoto, kisha la kulia, akaniambia, "Mwalimu, hili la kulia limevaa kanzu mgongo mbele." Ncha ilikuwa ikija nyuma na mikono mbele. Tairi lilikuwa likiyakusanya maji katikati badala ya kuyatupa nje. Kashata zake zilikwisha kuanza kulika kwa meno, kama msumeno. Ukipitisha kiganja upande huu unateleza, upande wa pili unakwaruza.

Kwa kosa hilo nilipendekeza usemi wa pili: tairi limefungwa tezi. Omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma, na chombo kinachotanguliza tezi hakuna asiyejua kwamba kimekosewa. Niliandika pendekezo la kurasa nne. Jopo lilinijibu kwa mistari miwili: hanamu ni "neno la kienyeji mno", na tezi "litachanganywa na ugonjwa". Paa la nyumba halijawahi kumchanganya mtu na paa wa porini, na jopo hilo hilo limewaamini wasomaji wake mara nyingi kwa maneno yenye sura mbili. Kuhusu uenyeji wa hanamu, sioni ni lini uenyeji umekuwa dosari ya neno la Kiswahili.

Mshindani ninayemheshimu ni "tairi la mshale", kama fundi wangu anavyoliita, kutokana na mshale uliochorwa ubavuni kuonyesha upande wa kuzunguka. Ni jina zuri la gereji. Lakini mshale ni alama tu. Ubavu ukikwaruzwa na ukingo wa barabara, mshale hufutika na tairi hubaki lile lile. Hanamu ni umbo, haifutiki mpaka tairi liwe kipara. Wakulima wenye matrekta wananielewa upesi: kashata za trekta nazo ni hanamu, na zikifungwa tezi kwenye gurudumu linalovuta, tope hujaa katikati yake lisitoke.

Kwa matumizi: simama mbele ya gari, na ncha ya V iwe inatazama chini. Ukibadilisha nafasi za matairi, la mbele liende nyuma upande ule ule; ukitaka kulihamishia upande wa pili, lazima kwanza livuliwe rimu na kugeuzwa. Spea iliyofungwa tezi kwa dharura iendeshwe polepole, hasa penye maji, hadi kwa fundi wa karibu.

Rasimu ile bado haijapelekwa mtamboni. Nawasihi wanaoishika wafute "tairi elekezi" katika kila ukurasa lilipo, waandike tairi hanamu, na kabla ya kuchapa wamsomee fundi mmoja wa pancha wasikie atauliza nini.