Chupa, Kikombe na Mifupa ya Watoto Wetu

Kijitabu hiki huanza kwa hesabu ya fedha na kumalizika kwa shukrani. Katikati yake tumezoea kuweka habari moja ya kale inayofaa mambo ya leo. Safari hii tumechagua habari ya chupa ya kunyonyea, kwa sababu hapa Mkongani akina mama wametuuliza zaidi ya mara moja: mtoto aliyetimiza mwaka, akiondolewa chupa yake ya maziwa, mifupa yake itapata wapi nguvu? Swali hilo ni la haki, wala halistahili kujibiwa kwa makaripio. Twaona kuwa historia yenyewe inalijibu.

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba chupa ni mgeni kwetu. Wazee wetu walimlea mtoto kwa ziwa la mama, na Waislamu miongoni mwao walijua kwamba dini imetaja miaka 2 kamili kwa atakaye kutimiza kunyonyesha. Maziwa ya ng'ombe hayakuwa mengi katika vijiji vinavyopakana na msitu wa Shimba, kwa kuwa mbung'o wa msituni huwaambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana. Hata hivyo watoto walisimama, wakatembea, wakakua. Chokaa ya mifupa, ambayo wataalamu huiita kalsiamu, ilitoka katika ziwa la mama, katika mboga za majani, katika nafaka, na katika samaki wadogo walioliwa pamoja na miiba yao.

Hatusemi kwamba zamani ilikuwa pepo. Walikuwako watoto waliolikizwa ghafula mama aliposhika mimba nyingine, wakavimba miguu na nywele zao zikageuka rangi. Watu wa Pwani wakasema mtoto amebemendwa, au ana chirwa, na lawama ikawaangukia wazazi kwamba wamevunja miiko. Kumbe mara nyingi mtoto yule alikosa chakula. Alinyang'anywa ziwa, wala hakupewa kitu cha kushika mahali pake.

Chupa ilitoka Ulaya. Katika karne ya 19 ilikuwako Uingereza chupa ya kioo yenye mpira mrefu, ambayo mtoto aliweza kuinyonya peke yake mama akiwa kazini. Mpira ule haukusafishika, na watoto waliokufa wakawa wengi hata watu wakaiita chupa ya mauaji. Ufaransa iliipiga marufuku mwaka 1910. Katika karne hiyo hiyo ya 19 yalianza maziwa ya mkebe: mwaka 1856 Gail Borden wa Marekani alipata hataza ya maziwa mazito, na mwaka 1867 Henri Nestlé huko Uswisi akatoa unga wa maziwa kwa watoto. Baadaye meli zikazichukua bidhaa hizo mpaka bandari za mbali.

Aliyeona matokeo yake ni daktari mwanamke, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika. Akiwa Gold Coast, nchi iitwayo Ghana leo, alieleza mwaka 1933 ugonjwa ule wa mtoto aliyeondolewa ziwani, na baadaye akautangaza kwa jina la Kiga, kwashiorkor. Halafu alihamishiwa Malaya. Mwaka 1939, mjini Singapore, alitoa hotuba aliyoiita Maziwa na Mauaji, akiwashutumu waziwazi wale waliowashawishi mama kuacha ziwa lao na kununua maziwa ya mkebe. Ilipita miaka mingi kabla ya dunia kumsikiliza. Mwaka 1974 shirika la War on Want la Uingereza lilitoa kitabu kidogo juu ya jambo hilo, na mwezi wa Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha kanuni za kuzuia matangazo hayo, kwa kura 118 dhidi ya 1. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2012, na sheria hiyo yagusa hata chupa na chuchu za mpira.

Lakini sheria huzuia tangazo. Haimwambii mama atie nini katika bakuli. Somo hilo twalipata kwa jirani zetu wa Uganda. Mwaka 1965 pale Mulago, Kampala, kilianzishwa kituo cha lishe cha Mwanamugimu. Mama aliyeleta mtoto dhaifu alifundishwa kupika mchanganyiko uitwao kitobero, kwa vyakula vya shambani mwake mwenyewe. Hapo ndipo penye jibu la swali letu: usimwondolee mtoto kitu mpaka umeandaa kitakachoshika mahali pake.

Basi chupa iondoke, maziwa yabaki. Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 ahitaji kalsiamu ya miligramu 500 hadi 700 kwa siku, na nusu lita ya maziwa ya ng'ombe ina karibu miligramu 600. Kwa hiyo vikombe viwili vya robo lita, vya maziwa yaliyochemshwa au maziwa lala, vyatosha. Kuzidisha sana si faida, kwani mtoto aliyeshiba maziwa hukataa chakula, na damu yake hupungua. Anayenyonya bado kwa mama aendelee kunyonya; tunayemwaga ni chupa, si ziwa.

Nyumba isiyo na maziwa ya kutosha isikate tamaa. Gramu 100 za wimbi zina kalsiamu zaidi ya miligramu 300, hali mahindi yana chini ya 20. Uji wa wimbi basi wafaa kuliko uji wa mahindi matupu. Dagaa wanaoanikwa Gazi na Vanga, wakisagwa na miiba yao, wakatiwa kijiko kimoja katika mboga, ni hazina. Kadhalika majani ya kunde na sukuma wiki. Tusidanganywe na weupe wa tui la nazi: ni kiungo kizuri, lakini kalsiamu yake ni haba mno, na halishiki nafasi ya maziwa.

Kuondoa chupa kwataka subira. Mtoto azoeshwe kikombe kuanzia miezi 6, na chupa imalizike kati ya miezi 12 na 18. Iondolewe chupa moja ya mchana kwanza, kisha baada ya siku chache nyingine, na ile ya usiku iwe ya mwisho. Asilale na chupa ya maziwa kinywani, maana meno yake yataoza mapema. Akilia, abebwe na abembelezwe. Analilia mazoea yake, wala si mifupa yake.

Nasi tukiri kosa letu. Kwa miaka mingi, jirani alipojifungua, sisi wenyewe tulimpelekea chupa kuwa zawadi, tukiiona dalili ya maendeleo. Hatukuuliza maji ya kuioshea yatachotwa wapi, wala kuni za kuyachemshia zitatoka kwa nani. Tangu sasa twaomba kila mwanachama aendaye kumwona mzazi achukue kikombe kidogo chenye mdomo mpana na kibaba cha unga wa wimbi. Gharama yake si kubwa, na kikombe chaosheka mpaka ndani. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.