Maneno Yaliyoshukia Bandarini: Marseille, Vyakula Vyake na Msamiati wa Kifaransa

Wahenga walisema: mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Mwanafunzi wa lugha ya kigeni atembeleapo mji usio wake huokota kweli, mradi awe na macho ya kutazama, masikio ya kusikiliza na, tusione haya kusema, tumbo la kupokea. Maneno ya kitabuni husahaulika upesi. Neno lililoingia pamoja na tonge halitoki. Katika makala haya twapenda kuwachukua wasomaji wetu, hasa wale wafundishao Kiswahili katika miji ambamo Kifaransa nacho husemwa, kama Bukavu, Lubumbashi na Bujumbura, hadi bandari ya Marseille, kusini mwa Ufaransa. Tutautazama mji, tutaonja vyakula vyake, na kila neno la Kifaransa tutakalokutana nalo tutaliuliza: Umetoka wapi? Majibu yake, kama tutakavyoona, yahusu heshima ya Kiswahili pia.

Marseille ni mji mkongwe. Ulianzishwa yapata mwaka 600 kabla ya Kristo na mabaharia Wagiriki waliotoka Phocaea, katika pwani ya Asia Ndogo, nao wakauita Massalia. Ghuba ndogo walimotia nanga ndiyo iitwayo leo Vieux-Port, yaani Bandari ya Zamani. Hapo mwanafunzi ameokota maneno mawili ya kwanza: port ni bandari, na vieux ni kikongwe au cha zamani. Kwa karne nyingi watu wa mji huu walifanya biashara na Italia, Hispania, Shamu, Misri na nchi za Maghribi. Mzee wa pwani yetu angeutambua mara moja: ni mji wa matanga, viungo na wageni, kama Mombasa na Unguja.

Mji wa namna hiyo hauwezi kuwa na lugha isiyopokea wageni. Tuanze pale mgeni ashukapo melini. Jambo la kwanza analokabiliana nalo ni douane, yaani forodha. Neno hili Wafaransa walilipata kwa Waitalia, nao Waitalia kwa Waarabu, ambao kwao diwan ilikuwa daftari, kisha ofisi inayotunza madaftari. Sisi nasi tunalo: tuna diwani ya mashairi, na tuna diwani aketiye katika baraza la mji. Neno moja limewapa Wafaransa ofisi ya ushuru, likatupa sisi kitabu cha malenga.

Tukivuka forodha twakuta magasin, yaani duka. Asili yake ni makhazin, ambayo kwa Kiarabu ni maghala. Katika hati za Kilatini za Marseille neno hili limeonekana tangu karne ya 13, kwa maana ya ghala za wafanyabiashara. Shina lake ni lile la kuhifadhi mali, ambalo ndilo lililotupa sisi neno hazina. Kwa hiyo mwalimu akitaka mwanafunzi wake asilisahau neno magasin, na amwonyeshe kwamba ni binamu wa hazina.

Lakini hapa hapana budi kutahadhari, kwani si kila neno lifananalo na letu lina maana ya letu. Ukingoni mwa Bandari ya Zamani lipo jengo zuri la karne ya 17, lililosalimika mwaka 1943 wakati mitaa ya kando yake ilipobomolewa kwa baruti chini ya utawala wa Wajerumani. Jengo hilo huitwa Hôtel de Ville. Msemaji wa Kiswahili aliyezoea kwamba hoteli ni mahali pa kula, akiingia humo na njaa yake, atakuta ofisi za meya wala hataona sahani. Hôtel pekee ni nyumba ya kulala wageni, na hôtel de ville ni makao ya halmashauri ya mji. Mwenye njaa na atafute restaurant, neno litokanalo na kitenzi restaurer, maana yake kurudisha hali njema. Hapo kale restaurant ilikuwa mchuzi wa kumrudishia mtu nguvu. Katika karne ya 18, mjini Paris, jina la mchuzi likawa jina la nyumba iuzamo.

Nyuma ya jengo hilo kilima chapanda hadi mtaa wa Le Panier, ambao ndio wa kale kuliko yote mjini. Panier ni kapu. Basi tuchukue kapu letu tuteremke sokoni, maana kila asubuhi wavuvi huuza samaki wao kwenye kichwa cha bandari. Samaki ni poisson, soko ni marché, na mvuvi ni pêcheur. Hayo ni maneno matatu ambayo mwanafunzi hatayasahau, kwa kuwa ameyapata pamoja na harufu yake.

Chakula kiujulishacho mji huu kote duniani ni bouillabaisse, itamkwayo kama "buyabes". Kwa asili kilikuwa chakula cha wavuvi, waliochemsha samaki wenye miiba ambao hawakupata mnunuzi. Jina lake latokana na lugha ya wenyeji wa Provence, nalo huelezwa kuwa limeunganisha vitenzi viwili: kuchemsha na kushusha, kwani chungu kikichemka, moto hushushwa. Baadaye chakula cha maskini kikawa cha matajiri, na kila mpishi akakipika apendavyo, hata mwaka 1980 baadhi ya wenye mikahawa wa Marseille walitia sahihi hati ya kuihifadhi namna yake halisi. Mchuzi huletwa kwanza, pamoja na mkate uliopakwa rouille, kisha samaki hufuata kwa sahani yake. Rouille kwa Kifaransa ni kutu. Kiungo hicho cha vitunguu saumu, mafuta na pilipili kimeitwa hivyo kwa ajili ya rangi yake nyekundu ya chuma kilicholiwa na mvua. Saumu ni ail, na mafuta ni huile. Kadhalika mchuzi mwingine mzito wa nchi hiyo, aïoli, ni maneno hayo hayo mawili yaliyoshikana katika lugha ya Provence.

Ndani ya chungu hicho mna kiungo chenye rangi ya dhahabu: safran. Msomaji ameshakitambua: ni zafarani yetu, toka kwa za'faran ya Waarabu. Na safran haikuja peke yake. Sucre ni sukari. Sirop na sorbet ni wa ukoo mmoja na sharubati, kwa shina la Kiarabu la kunywa. Tasse, kikombe, ni nduguye tasa, lile bakuli la shaba walijualo watu wa pwani. Aubergine ni biringani, na tukichunguza mwanzo wake twakuta Kiarabu al-badhinjan, kilichotoka Uajemi na kupitia kwa Wakatalani kabla ya kufika Ufaransa.

Hapo aubergine yatufunza jambo kubwa. Ile au ya mwanzo ni nini? Ni al ya Waarabu, kiambishi ambacho si sehemu ya jina. Sikio la mgeni halikujua mpaka uko wapi, likameza vyote pamoja. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa abricot, tunda litokanalo na al-barquq. Je, si ajabu kwamba sisi tuliwatenda Wafaransa vivyo hivyo? Mfaransa akitaka mvinyo husema du vin, na ile du ni kiambishi tu cha kuonyesha kiasi kisichotajwa, kama katika du pain, mkate, au du sucre, sukari. Mswahili aliyesikia du vin alidhani ni neno moja, akasema divai. Katika visiwa vya Morisi na Shelisheli wasemaji wa Krioli walifanya hivyo hivyo: wali ni diri, na maji ni dilo, ambayo hapo awali yalikuwa du riz na de l'eau. Mwalimu wa Kifaransa anayehangaika kueleza du na de la kwa wanafunzi wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali. Mfano umo kinywani mwao tangu zamani.

Baada ya kula, kahawa. Mwaka 1644 Pierre de La Roque, mfanyabiashara wa Marseille, alirejea toka Istanbul akiwa na kahawa na vyombo vya kuinywea. Mwaka 1671 nyumba ya kwanza ya kahawa ilifunguliwa mjini, miaka 15 kabla ya Procope, mkahawa mashuhuri wa Paris, kufunguliwa mwaka 1686. Si wote waliofurahi: mwaka 1679 suala la kama kahawa yawadhuru wakazi wa Marseille lilijadiliwa hadharani na matabibu. Wenyeji waliendelea kunywa. Kiarabu qahwa kikawa café kwa Wafaransa na kahawa kwetu. Lakini tazameni kila lugha ilivyolitendea neno hilo. Mfaransa hutumia neno lile lile kwa kinywaji na kwa nyumba inywewamo. Sisi tulichukua kiambishi chetu cha Kibantu, tukaunda mkahawa. Mgeni tuliyempokea tumemvika nguo zetu.

Mwisho wa yote huja hesabu. Bei zimeandikwa katika tarif, neno ambalo kwa asili lilikuwa na maana ya kujulisha, nalo ni nduguye taarifa. Tarakimu ni chiffre, na sifuri ni zéro. Yote mawili yametoka kwa sifr moja ya Kiarabu, iliyoingia Ulaya kwa njia mbili.

Sasa tukae tutafakari. Kwa miaka mingi wamekuwako watu waliokibeza Kiswahili, wakisema si lugha kamili bali ni mchanganyiko, eti kwa sababu kimekopa Uarabuni, Uajemi, Uhindi na Ureno. Hoja hiyo imewatia unyonge hata baadhi ya wanafunzi wetu, ambao huona lugha za Ulaya kuwa safi zilizotoka mbinguni jinsi zilivyo. Lakini tumetembea robo ya mji mmoja, tukala chakula kimoja, nasi tumeona kwamba Kifaransa kimekopa kwa jirani yule yule tuliyekopa sisi, tena mara nyingi maneno yale yale. Hakuna asemaye kwa sababu hiyo kwamba Kifaransa si lugha. Sarufi yake ni ya Kilatini, na kila mgeni hupewa le au la akatii. Sarufi yetu ni ya Kibantu, na kila mgeni hupewa ngeli akatii: kitab ya Waarabu ikawa kitabu, na wingi wake vitabu. Neno likitii sheria za nyumba, ni la nyumba.

Aidha, uhusiano wa Marseille na pwani yetu haukuishia katika maneno. Baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, meli za Kifaransa ziliiunganisha bandari hiyo na Zanzibar, Komoro na Madagaska, na Wangazija waliokuwa mabaharia katika meli walihamia huko. Leo Wangazija ni wengi mjini Marseille, na lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Kwa hiyo aendaye katika soko la mtaa wa Noailles, penye viungo vya kila nchi, anaweza kuokota neno la Kifaransa kwa sikio moja na kusikia jamaa wa lugha yake kwa sikio la pili.

Walimu wenzetu si lazima wasafiri hadi huko. Kila mji wetu una soko. Wapelekeni wanafunzi wenye daftari, waandike majina ya vitu kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa lugha ya nyumbani, kisha warudi darasani kuuliza kila neno lilishuka toka chombo gani. Atakayejua kwamba douane na diwani zilizaliwa nyumba moja hatakiogopa Kifaransa, wala hatakionea haya Kiswahili.