Bara Lisilo na Watu: Afrika katika Filamu za Katuni za Miaka ya 1990

Filamu za katuni za safari na ushujaa zilizotengenezwa Marekani kwa ajili ya familia katika miaka ya 1990 zilivutiwa mno na mandhari ya Afrika, lakini hazikuwapa Waafrika wenyewe nafasi. Jambo hilo hubainika pale suala la uwakilishi, yaani nani anaonyeshwa, anaonyeshwaje na nani anampa sauti, linapochunguzwa katika filamu mbili za Disney, The Lion King ya mwaka 1994 na Tarzan ya mwaka 1999.

Waandaaji wa The Lion King walisafiri hadi Kenya, wakajionea miamba na magenge ya Hell's Gate karibu na Naivasha, na majina kama Simba, Rafiki na Shenzi wakayatoa katika Kiswahili, huku wimbo wa ufunguzi ukianza kwa Kizulu kwa sauti ya Lebo M, mwanamuziki mzaliwa wa Soweto. Kwamba binadamu hamo si kosa, kwani ngano za sungura na fisi nazo husimuliwa hivyo hivyo. Kasoro imo katika uteuzi wa waigizaji wa sauti, yaani wasanii wanaowasemea wahusika waliochorwa. Mufasa na Sarabi walisemewa na wasanii weusi, James Earl Jones na Madge Sinclair, lakini mwana wao Simba, alipokuwa mtu mzima na mrithi wa kiti, alisemewa na Matthew Broderick, ambaye ni mzungu. Fisi waliofukuziwa nchi ya giza walipewa sauti za Whoopi Goldberg, msanii mweusi, na Cheech Marin, Mmarekani mwenye asili ya Meksiko, na wahakiki waliolalamika kwamba maskini wa mijini ndio waliogeuzwa fisi walikuwa na hoja nzito.

Tarzan ilikwenda mbali zaidi. Katika riwaya ya Edgar Rice Burroughs ya mwaka 1912, iliyojaa dharau kwa watu weusi, Kala, sokwe aliyemlea Tarzan, anauawa kwa mshale wa Kulonga, mwana wa chifu Mbonga. Katika filamu Kala anabaki hai, na anayeua ni Clayton, mwindaji Mwingereza mwenye bunduki, anayempiga risasi Kerchak, kiongozi wa sokwe. Lakini pamoja na Kulonga waliondolewa Waafrika wote, hata pasionekane mmoja mwanzo hadi mwisho. Tusi la riwaya lilifutwa kwa kumfuta aliyetukanwa, na hilo haliwezi kuitwa haki.

Kwamba njia nyingine ilikuwapo inathibitishwa na filamu ya katuni Kirikou et la Sorcière ya mwaka 1998, kazi ya Mfaransa Michel Ocelot, aliyeishi Guinea utotoni. Sauti za Kifaransa za filamu hiyo zilirekodiwa Dakar na waigizaji wa Senegali, na muziki ulitungwa na Youssou N'Dour. Humo mna kijiji kizima chenye wazee, waoga na watoto watukutu. Karaba mwenyewe, mchawi anayehofiwa na wote, hakuumbwa mwovu: Kirikou, mtoto ambaye ndiye shujaa wa filamu, anaambiwa na babu yake kwamba wanaume walimchoma mwiba wa sumu mgongoni, nao ndio unaompa maumivu na uwezo wake, hivyo mtoto huyo anauchomoa kwa meno. Ocelot alipotakiwa awafunike wanawake wa kijiji vifua vyao ili filamu ikubalike katika masoko mengine, alikataa. Kwa watoto wa Afrika Mashariki, hiyo ndiyo inayostahili kuonyeshwa kwanza, kabla ya zile mbili za Disney.