Mdomo sungura: uzito wa mtoto huamua siku ya upasuaji

Mdomo sungura ni kasoro ya kuzaliwa ambapo mdomo wa juu wa mtoto huwa na mpasuko, upande mmoja au pande zote mbili, na wakati mwingine mpasuko huo hufika kwenye ufizi na kaakaa. Hutokea mapema katika ujauzito, kati ya wiki ya 4 na ya 7, sehemu za uso zinaposhindwa kuungana. Duniani hukadiriwa kuwa mtoto 1 kati ya 700 huzaliwa na mpasuko wa mdomo au wa kaakaa. Si laana, wala mama hakukosea kwa kula nyama ya sungura; jina limetokana na umbo la mdomo tu.

Kasoro hiyo hurekebishwa kwa upasuaji. Kigezo cha miaka mingi ni mtoto kufikisha wiki 10, uzito wa takriban kilo 4.5 na kiwango cha damu cha gramu 10 kwa desilita. Kwa familia nyingi ugumu uko kwenye uzito. Mwenye mpasuko wa mdomo pekee aghalabu huweza kunyonya, lakini kaakaa likiwa wazi mtoto hashiki ziwa sawasawa na maziwa humtokea puani. Huyo hulishwa maziwa ya mama yaliyokamuliwa, kwa kikombe na kijiko safi, akiwa ameinuliwa wima, kidogo kidogo na mara nyingi. Anayefichwa nyumbani kwa aibu hudhoofu, na siku ya upasuaji husogea mbele.

Kwa mzazi wa Muheza, awe mjini au milimani Amani, safari huanzia kliniki ya watoto iliyo karibu, ambako mtoto hupimwa na kuandikiwa rufaa. Hospitali Teule ya Muheza na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, jijini Tanga, zimo katika njia hiyo. Miongoni mwa hospitali zinazofanya upasuaji huu ni CCBRT ya Dar es Salaam. Kwa mujibu wa sera ya afya, watoto walio chini ya miaka 5 wamesamehewa gharama za matibabu katika vituo vya Serikali. Nauli na siku za kumuuguza mtoto mbali na nyumbani hubaki kwa familia, jambo linalofaa kupangwa mapema.

Mtoto hulazwa kwa dawa ya usingizi, kisha daktari huunganisha utando wa ndani, msuli na ngozi. Msuli usipounganishwa, mdomo hufungika kwa nje lakini haufanyi kazi ipasavyo. Kaakaa hurekebishwa baadaye, kwa kawaida kati ya miezi 9 na 18, kabla usemi haujakomaa. Baadhi ya watoto huhitaji pia mtaalamu wa matamshi na kupimwa masikio, kwa kuwa maambukizi ya sikio huwapata mara kwa mara.