Usalama katika mashua ndogo za mashindano
Mashua ndogo za mashindano, kama vile Laser yenye urefu wa takriban mita 4.2, ambayo huendeshwa na mtu mmoja na iliingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1996, hupinduka kwa urahisi, hivyo baharia huvaa jaketi okozi kabla ya kuondoka ufukweni na hujifunza kuiinua kwa kukanyaga ubao wa kati, yaani ubao unaoshushwa majini ili mashua isisukumwe kando. Hatari inayodharauliwa mno ni upepo utokao nchi kavu, kwa kuwa bahari huonekana shwari karibu na pwani ilhali mawimbi hukua mbele zaidi. Anayeshindwa kuiinua mashua iliyopinduka asiiache kamwe akaogelea, kwani huelea na huonekana na waokoaji upesi kuliko kichwa cha mtu.