Tabibu wa Kundi: Habari za Mafunzo ya Uganga wa Mifugo Afrika Mashariki

Madrasa ya kwanza ya uganga wa wanyama katika Ulaya ilifunguliwa mjini Lyon, katika nchi ya Ufaransa, mwaka 1762, na mwasisi wake, Claude Bourgelat, alikuwa mtu wa farasi toka utosini hadi unyayoni, aliyeongoza chuo cha kuwafunza waungwana kupanda farasi kabla ya kupewa idhini ya kuwafunza wengine kuwatibu. Ajabu ni kwamba serikali ya mfalme haikumpa fedha kwa ajili ya farasi, bali kwa sababu ya sotoka, maradhi yaliyokuwa yakiteketeza ng'ombe wa wakulima mkoa baada ya mkoa. Walakini maadamu mwalimu alikuwa mtu wa farasi, na maadamu wenye farasi ndio waliokuwa na uwezo wa kulipa, wanafunzi wake walihitimu wakiujua mguu wa farasi mmoja kuliko walivyolijua zizi la ng'ombe mia. Madrasa zilizofuata, ikiwamo ile ya London ya mwaka 1791, ziliirithi tabia hiyo, na kwa zaidi ya karne moja na nusu tabibu wa mifugo alilelewa katika itikadi kwamba mgonjwa ni mnyama mmoja aliyesimama mbele yake, na kwamba kazi yake ni kumpima, kumpa dawa, na kwenda zake.

Itikadi hiyo ilipoletwa Afrika Mashariki iliwakuta watu ambao hawakupata hata siku moja kufikiri hivyo. Mfugaji wa Kimasai, wa Kisukuma au wa Kikaramojong hakuwa na ng'ombe. Alikuwa na kundi, na kundi lilikuwa ndiyo akiba yake, mahari ya wanawe na heshima yake mbele ya rika lake. Alijua kwamba nyumbu wanapozaa katika mbuga za nyasi fupi za Serengeti, mwanzoni mwa mwaka, yampasa kuwahamishia ng'ombe wake nyanda za juu, hata kama malisho ya huko si mazuri, kwani ng'ombe atakayelisha mahali walipozaliwa ndama wa nyumbu atapatwa na homa kali, macho yatafunga ukungu, na hatapona. Wazungu wengi waliisikia habari hiyo wakaidhania kuwa ni hurafa, mpaka Walter Plowright, mtaalamu wa Kiingereza aliyekuwa akifanya kazi Muguga, karibu na Nairobi, alipokitoa kirusi chenyewe katika damu ya nyumbu mwaka 1960. Kadhalika Wamasai na Wasomali walikuwa wakikata kipande cha pafu la ng'ombe aliyekufa kwa homa ya mapafu, wakakitia chini ya ngozi ya pua ya ng'ombe mzima ili kumkinga, jambo ambalo tabibu Louis Willems wa Ubelgiji alisifiwa kwa kulitenda mwaka 1852 kwa kuchanja ncha ya mkia. Huo wote ulikuwa uganga wa kundi, ijapokuwa haukuandikwa katika kitabu chochote.

Wala nisisemwe kwamba nawapamba wazee. Sotoka ilipoingia katika Pembe ya Afrika mwaka 1887, pamoja na ng'ombe walioletwa kulisha jeshi la Wataliana huko Massawa, ilimu yao haikufua dafu. Maradhi yaliteremka kusini yakawafikia Wamasai mwaka 1890 na 1891, na kufika mwaka 1896 yalikwisha kuuvuka mto Zambezi. Mahali pengi katika kila ng'ombe kumi walikufa tisa, wakitiririka machozi na usaha, vinywa vimejaa vidonda, tumbo likiwaharisha hadi kuanguka. Oscar Baumann, msafiri wa Kiaustria aliyepita Ngorongoro mwaka 1892, aliandika habari za wanawake waliobaki mifupa mitupu na mashujaa wasioweza kusimama, waliokuja kambini kwake wakala hata ngozi na pembe. Tabibu wa namna ya Lyon angefanya nini pale? Hakuna dawa ya kumpa ng'ombe mmoja, na yule aliye ubavuni mwake amekwisha kuambukizwa.

Somo la pili lilitoka katika pwani yetu wenyewe. Robert Koch, tabibu mashuhuri wa Kijerumani, alifika Dar es Salaam mwaka 1897, akaviona vijidudu katika damu ya ng'ombe wa pwani, akavidhania kuwa ni vya homa nyingine aliyoijua. Haikupita miaka mingi, ng'ombe waliosafirishwa kutoka pwani hii kupelekwa Rhodesia wakayaeneza maradhi hayo huko, nayo yakawamaliza ng'ombe wa wenyeji na wa walowezi bila kubagua. Arnold Theiler, huko Transvaal, ndiye aliyebainisha, kufika mwaka 1904, kwamba hayo ni maradhi mbali, ambayo sisi twayaita ndigana kali, na ikathibitika kwamba huletwa na kupe. Yanayotatiza katika ndigana ni kwamba ndama azaliwaye penye kupe huambukizwa mapema, na akinusurika huwa na kinga, ilhali ng'ombe mgeni aliyenona, aliyenunuliwa kwa fedha nyingi, hufa kabla ya mwezi kwisha. Basi hukumu ya uhai na mauti haimo katika mwili wa ng'ombe peke yake, bali imo pia katika mahali alipozaliwa, malisho anayolisha, na safari aliyosafirishwa. Na mwanafunzi asiyeuliza hayo, hata akiwa na darubini bora ya kutazamia damu, ameona nusu ya maradhi.

Hata leo mwanafunzi anayepelekwa zizini kwa mara ya kwanza huonyeshwa kulikunja sikio la ng'ombe na kutazama ndani, ambamo kupe wa rangi ya kahawia wamesongamana kama punje za mtama katika suke, kisha huambiwa ateremshe vidole hadi chini ya sikio, penye tezi, na akiiona imevimba achome sindano, avute majimaji machache, na kuyapaka juu ya kioo. Hiyo ni kazi ya robo saa, na kila mwanafunzi mwenye akili huiweza. Mwalimu mzuri hujulikana kwa swali linalofuata: wangapi wengine wamevimba, wameogeshwa lini, na fahali yule mgeni ametoka wapi?

Maswali ya namna hiyo yalichelewa kuingia katika madrasa zetu. Maabara ya Kabete, nje kidogo ya Nairobi, iliyoanza kazi takriban mwaka 1910, ilipata sifa katika ulimwengu mzima: humo R. E. Montgomery aliieleza homa ya nguruwe ya Afrika mwaka 1921, na humo wataalamu wakaibaini homa ya Bonde la Ufa mwaka 1931, baada ya kondoo kufa kwa wingi katika shamba moja karibu na ziwa Naivasha. Lakini sifa hiyo ilikuwa ya wachunguzi, na wachunguzi walikuwa wageni. Makerere nayo, iliyoanza mwaka 1922 ikiwa chuo cha ufundi, ilifungua mafunzo ya uganga wa mifugo kwa Waafrika, na waliohitimu wakapewa stashahada iliyowafanya wasaidizi wa mabwana wakubwa kutoka Uingereza, ijapokuwa aghalabu wao ndio waliojua lugha ya mfugaji na njia ya kumfikia. Kule Tanganyika, Mpwapwa, kazi ilishughulika zaidi na uzao: kwa miaka mingi waliwachanganya ng'ombe wa kienyeji na wa Bara Hindi hata wakapata aina iliyopewa jina la mji huo, na chuo cha hapo kikawafunza mabwana mifugo waliotawanywa wilayani kuchanja na kusimamia majosho.

Kwamba kundi lina hesabu yake, serikali ya kikoloni iliijua, bali iliifanya hesabu hiyo kwa amri. Mwaka 1938, ilipoona kwamba ardhi ya Machakos inachukuliwa na maji, serikali ya Kenya iliamua kuwa ng'ombe wa Wakamba ni wengi mno, ikawakamata kwa nguvu na kuwauza kwa bei duni, huku kiwanda cha nyama cha Liebig's, kilichojengwa Athi River, kikingojea kuwapokea. Maelfu ya Wakamba, wanaume kwa wanawake na watoto, walikwenda Nairobi wakapiga kambi wakitaka kuonana na gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akahamishiwa Lamu, na hatimaye serikali ikauacha mpango wa kuuza kwa lazima. Jambo la kupunguza mifugo pengine lilikuwa na haki yake katika vitabu, lakini tangu siku hiyo mfugaji alipomwona afisa akihesabu ng'ombe, aliwaficha; na tabibu asiyeonyeshwa kundi zima hawezi kulitibu.

Mafunzo hayo ya Makerere yalihamishiwa Kabete mwaka 1962, na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipoundwa mwaka uliofuata, wanafunzi wa nchi tatu wakawa wakisomea uganga wa mifugo mahali pamoja. Katika idara ya elimu ya viungo vya wanyama ya chuo hicho ndimo alimofanya kazi Wangari Maathai tangu mwaka 1966, akawa mkuu wake miaka kumi baadaye. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba alipokuwa akitafiti kupe wa ndigana katika mashamba ya pembezoni mwa Nairobi, aliona ng'ombe waliokonda, mito iliyojaa tope na ardhi isiyo na nyasi, akatambua kwamba ng'ombe hao walitishwa na uharibifu wa nchi kuliko walivyotishwa na kupe. Sijui somo la afya ya kundi lililopata kusemwa kwa ufupi zaidi.

Zama zizo hizo, katika vyuo vya ng'ambo, hususan Melbourne chini ya Douglas Blood, wataalamu walianza kumfunza mwanafunzi kulizuru shamba kila mwezi, awepo mgonjwa au asiwepo, na kuweka daftari la siku za kuzaa, za kupandwa, maziwa yaliyokamwa na ndama waliokufa. Fikiri ng'ombe wa maziwa ambaye yampasa kuzaa kila baada ya miezi 12 au 13, naye anachelewa hadi 18: hana homa, hana kidonda, anakula vizuri, na tabibu wa zamani angempita bila kumtazama, ilhali mwenyewe anapoteza maziwa ya nusu mwaka asiyoyajua. Daftari humfichua.

Jumuiya ya chuo kimoja ilipovunjika mwaka 1970, Makerere ilirudisha mafunzo yake, na Morogoro ikaanza ya kwake mwaka 1976, miaka minane kabla haijawa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Mitaala ya vyuo vyote vitatu leo ina somo la afya ya kundi na uzalishaji. Lakini wakati somo lilipokuwa likishika mizizi, serikali zilijitoa: katika miaka ya 1980 na 1990 majosho mengi yalikauka, na tabibu akaambiwa ajitegemee sokoni, ambako hulipwa kwa ng'ombe aliyemdunga sindano, wala hakuna amlipaye kwa ng'ombe ambaye hakuugua. Soko likamrejesha kwa farasi wa Bourgelat.

Hata hivyo sotoka imekwisha. Ilionekana mara ya mwisho kwa nyati wa hifadhi ya Meru, Kenya, mwaka 2001, na mwaka 2011 ikatangazwa kuwa imetoweka duniani, kwa chanjo aliyoitengeneza Plowright pale Muguga, iliyoboreshwa baadaye ili istahimili joto, na kupelekwa porini na wafugaji waliofunzwa majuma machache tu, ambao walijua kila kundi liko wapi.

Kwa hiyo ombi langu kwa wakuu wa Kabete, Morogoro na Makerere ni hili: mwanafunzi akabidhiwe kundi moja la mfugaji wa kweli, si la shamba la chuo, alifuate mwaka mzima, masika na kiangazi, akiandika kila azaliwaye na kila afaye, na mtihani wake wa mwisho utungwe na mwalimu pamoja na mwenye kundi hilo.